Goti la mbeba dagaa: uchambuzi wa kisa cha kuziba gegedu, Mwanza

Kisa hiki nimekiandika kwa madaktari wachanga, wauguzi na wataalamu wa fiziotherapia, ingawa mtu yeyote mwenye goti bovu anaweza kukifuata. Jina, umri kamili, tarehe na hospitali vimeondolewa, na mambo machache yamebadilishwa ili mhusika asitambulike. Mimi ndiye niliyekuwa daktari wa mifupa aliyemhudumia, kwa hiyo makosa mengi utakayoyasoma hapa ni yangu.

Mgonjwa

Tumwite Bwana K. Ni mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mbeba magunia ya dagaa kwenye mwalo mmoja wa jiji. Kazi yake ilikuwa kutoa gunia kwenye boti, kupita nalo juu ya ubao mwembamba unaoyumba, kupanda ufukweni hadi kwenye fuso. Siku moja ubao ulilowa, mguu wa kulia ukabaki, mwili ukageuka. Alisikia "kaa!" ndani ya goti. Kufikia jioni lilikuwa limevimba kama boga.

Zahanati walimpiga picha ya eksirei, wakamwambia mfupa uko salama. Ni kweli ulikuwa salama. Tatizo ni kwamba gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, halionekani kwenye eksirei, na picha ile ikageuka cheti cha kurudi kazini. Miezi minane iliyofuata aliishi kwa vidonge vya maumivu vya diklofenaki, na kwa sindano za steroidi, za kutuliza uvimbe, alizochomwa ndani ya goti mara nne. Kila sindano ilimpa nafuu ya wiki mbili tatu, na kila nafuu ilimrudisha kwenye ubao na gunia.

Mtaani waliishamaliza utambuzi: goti limeisha grisi. Maneno haya nayasikia kila kliniki, na yananichanganya kidogo kwa sababu nusu yake ni kweli. Kinachoisha ni gegedu. Ute, yaani hiyo "grisi" yenyewe, mara nyingi huwa mwingi kupita kiasi goti likiwa na hasira. Siku ya kwanza nilipomchoma sindano ya kunyonya, nilitoa mililita 40 za maji ya manjano yaliyong'aa. Akayatazama kwenye bomba la sindano, akasema, "Kumbe ipo, dokta. Sasa inagoma nini?"

MRI, picha ya sumaku inayoonyesha hata tishu laini, ilionyesha shimo kwenye gegedu la upande wa ndani wa ncha ya chini ya fupa la paja, pale panapobeba uzito. Urefu sentimita 1.8, upana 1.6, mpaka kwenye mfupa. Meniskasi, yaani vile vipande vya kukinga mshtuko kati ya mifupa, na kano zilikuwa nzima.

Kwa nini shimo lile lisingejiziba

Ukila kuku, kile cheupe cha kutafuna mwishoni mwa mfupa ndicho gegedu. Kwenye goti la binadamu lina unene wa milimita 2 hadi 4 hivi, na karibu robo tatu ya uzito wake ni maji. Nyuzi za kolajeni, protini ya kushikilia tishu, ya aina ya pili zimeshikana kama wavu, na ndani ya wavu kuna molekuli zenye sukari zinazoyang'ang'ania maji yasitoke. Ukikanyaga, maji yanabanwa; ukiinua mguu, yanarudi. Seli hai ni chache mno, chini ya asilimia 5 ya ujazo wake. Hakuna mshipa wa damu wala neva, kwa hiyo likichanika hakuna damu ya kuleta ukarabati, wala maumivu ya mapema ya kumpa mtu onyo. Mwaka 1743 William Hunter aliwaandikia wanasayansi wenzake wa London kwamba gegedu likishaharibika halirudi. Mpaka leo tumeipunguza makali kauli hiyo, lakini hatujaifuta.

Njia zilizokuwa mezani

Ya kwanza ni kutoboa. Richard Steadman wa Marekani aliieneza tangu miaka ya 1980: unasafisha shimo, kisha kwa msumari maalumu unatoboa mfupa ulio chini, matundu yakiachana milimita 3 au 4. Damu ya uboho inapanda na seli shina zake, inaganda, na donge hilo linageuka kovu linalofanana na gegedu. Linafanana tu. Kolajeni yake nyingi ni ya aina ya kwanza, ile ya ngozi na kano, na kwa mashimo yanayozidi sentimita 2 za mraba nafuu yake huchuja miaka inavyokwenda.

Ya pili ni kuhamisha vigingi vya mfupa na gegedu kutoka sehemu ya goti isiyobeba sana, mbinu ya László Hangody wa Hungaria iliyoanza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1992. Unaziba shimo moja kwa kuchimba mengine. Kwa mtu anayeishi kwa kupanda na kuchuchumaa, sikuipenda.

Ya tatu ni kukuza seli za mgonjwa mwenyewe maabara na kuzirudisha, kama walivyofanya Wasweden wa Göteborg kuanzia 1987 na kuchapisha wagonjwa 23 mwaka 1994. Inahitaji upasuaji mara mbili na maabara ya seli ambayo hatuna. Tuliijadili kwa dakika mbili.

Ya nne ndiyo niliyoichagua: kutoboa kama Steadman, halafu kufunika shimo kwa utando. Donge la damu likiachwa wazi, goti linalifuta kama kitambaa kinavyofuta meza. Utando unalishika mahali pake na kuwa kiunzi, jinsi fundi anavyofunga miti ukuta ukiwa mbichi. Unatakiwa uwe na matundu ya kuingiza seli, uso ambao seli zitaushika, na uyeyuke kwa mwendo ule ule tishu mpya inavyojijenga. Ukiyeyuka mapema ukuta unaanguka. Ukichelewa unaziba njia. Plastiki zinazoyeyuka, za asidi ya laktiki na glikoliki, zina kasoro nyingine: zikioza zinaacha tindikali hapo hapo zilipo.

Mwenzetu aliyekuwa anakuja kutoka nje kufundisha alituletea utando mmoja wa kolajeni. Bima ya Bwana K. isingeugharamia, kwa hiyo ilikuwa bahati. Tukapanga tarehe.

Jioni ya kabla ya upasuaji

Saa kumi na mbili jioni sista wa wodi alinipigia. Alikuwa anaandaa vifaa vya kesho na amesoma kisanduku.

"Dokta, huyu mgonjwa ameambiwa hiki kitu ni cha nguruwe?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemweleza Bwana K. mambo ya matundu, damu, magongo, hata uwezekano wa kushindwa. Nilitumia neno "utando" mara ishirini. Neno "nguruwe" sikulitamka, wala si kwa kuficha. Kwangu mimi ile ilikuwa kolajeni ya aina ya kwanza na ya tatu, iliyosafishwa seli zote. Chanzo chake kilikuwa kimeshatoka kichwani mwangu. Jina la mgonjwa kwenye faili lilitosha kunikumbusha kwamba ni Mwislamu.

Nilirudi wodini nikamwambia. Alinyamaza muda, akamwita mkewe, kisha akaomba ampigie sheikh wake, simu ikiwa kwenye spika. Nilitegemea mjadala wa haramu na halali. Sheikh alieleza kwa kifupi kwamba dharura hufungua mlango, na kwamba wapo wanazuoni wanaosema kitu kilichogeuzwa asili yake hakihukumiwi kama mwanzo. Halafu akaniuliza mimi: "Daktari, kipo kingine cha kufanya kazi hiyo kisichotokana na mnyama huyo? Na akisubiri, goti litakufa?"

Kipo, nikasema. Na akisubiri miezi mitatu bila kubeba magunia, halitakufa.

"Basi dharura iko wapi?"

Upasuaji ukaahirishwa. Kabla sijaondoka Bwana K. akaniuliza swali la pili, na hili ndilo lililoninyima usingizi: "Na zile sindano za tumboni za kuzuia damu kuganda?" Enoksaparini, kama heparini, hutengenezwa kutoka utumbo wa nguruwe. Nimewachoma Waislamu na Wasabato wa Kanda ya Ziwa kwa miaka bila kusema neno. Tulimbadilishia tukampangia vidonge vya rivaroksabani, ambavyo dawa yake ni ya kemia ya kiwandani.

Kwa nini si sangara?

Kliniki iliyofuata alikuja na wazo, na naliweka hapa kwa sababu lilikuwa bora kuliko maswali mengi ya wanafunzi wangu. Pale mwaloni anawaona wanunuzi wa mabondo wakigombania kibofu cheupe cha hewa cha sangara kinachokwenda Asia kwa bei inayozidi minofu. Akauliza: kama bondo lile ni kolajeni tupu, na ngozi ya sangara inarundikana viwandani, kwa nini nyie mnahangaika na nguruwe?

Si wazo la kuchekwa. Brazil wametumia ngozi ya sato kufunika majeraha ya moto, na Iceland wanatengeneza ya chewa wa bahari baridi kwa vidonda sugu. Kikwazo ni joto. Kolajeni ni nyuzi tatu zilizosokotwa kama kamba, na kila kamba ina joto lake la kufumuka. Ya samaki wa maji baridi hufumuka mapema sana. Ya sangara, anayeishi kwenye maji ya joto, imepimwa ikafumuka kwenye nyuzi joto 36 hivi. Mwili wetu ni 37. Kwa kidonda cha ngozi kinachopata hewa, inavumilika. Ndani ya goti linalofanya kazi, kiunzi kingegeuka jelatini kabla seli hazijapanga, isipokuwa kikifungwa kwanza kwa kemikali za kuunganisha nyuzi. Na bondo na ngozi ni kolajeni ya aina ya kwanza. Ya aina ya pili ingebidi itafutwe kwenye magegedu ya samaki.

Akauliza na mwani wa Zanzibar. Jeli ya mwani inayotumika sana kukuzia seli za gegedu ni alginati, inayotoka kwenye mwani wa kahawia. Ule unaolimwa Zanzibar hutoa karajini, kitu kingine. Kuna pia kitosani, inayotokana na maganda ya kamba na kaa, ambayo huchanganywa na damu ya mgonjwa ili donge lishike vizuri zaidi.

Tulichopata mwishowe kilikuwa utando wa asidi ya haialuroniki. Molekuli hii imo kwenye ute wa goti lenyewe. Zamani ilikamuliwa kwenye undu wa jogoo. Siku hizi bakteria huizalisha kwenye matangi, kisha inabadilishwa kidogo ili itengeneze nyuzi. Sheikh aliambiwa, akasema hana neno.

Miezi mitatu ya kusubiri

Kuahirisha kulitupa kitu ambacho hatukukistahili. Mtaalamu wetu wa fiziotherapia alimtazama Bwana K. akitembea koridoni akasema, "Huyu ana matege." Tukapiga picha ndefu ya mguu mzima, kutoka nyonga hadi kifundo, ambayo ilipaswa kupigwa tangu mwanzo. Nyuzi 4 za kupinda kuelekea nje. Maana yake upande wa ndani wa goti, wenye shimo, ulikuwa unabeba zaidi ya haki yake. Zingezidi 5 ningekata muundi na kuunyoosha kwanza, kwa sababu kiraka kizuri kwenye mguu uliopinda ni kiraka cha muda. Kwa nyuzi 4 tulikubaliana tuache, kwa sharti kwamba magunia ndiyo basi. Wenzangu wawili walipinga uamuzi huo, na sina hakika kwamba walikosea.

Chumba cha upasuaji

Gegedu bovu lilipokwanguliwa hadi kufikia kingo nzima zilizosimama wima, shimo la sentimita 1.8 kwa 1.6 likawa 2.5 kwa 1.9. MRI hupunja, kila mtu kwenye fani anajua, na mimi najua. Lakini utando nilioagiza ulikuwa wa 2 kwa 2, mmoja.

Tulichukua karatasi ya fedha ya pakiti ya nyuzi za kushonea, tukaibana shimoni kwa kidole mpaka kingo zikajichora, tukaikata. Kiolezo kile kikawekwa juu ya utando mkavu. Nusu sentimita ya urefu ilibaki nje. Nilichagua kufunika sehemu ya mbele na katikati, panapogusana na muundi mtu anaposimama na kutembea, nikaacha kipande chembamba chenye umbo la mwezi mwandamo upande wa nyuma kikiwa na matundu tu. Mfupa ukatobolewa, tukalegeza kifungio cha damu cha pajani, vijitone vyekundu vikaanza kuchomoza kwenye matundu kimoja kimoja. Utando ukawekwa. Ukanywa damu, ukabadilika kutoka mweupe kuwa mwekundu mzito, ukalala kama chapati iliyowekwa juu ya mchuzi. Gundi ya fibrini pembeni, ambayo hutokana na damu ya binadamu, na hilo safari hii nilikuwa nimemwambia. Tukalikunja goti mara kumi kuhakikisha haujisogezi.

Mawe ya Mwanza

Nilimruhusu na maagizo niliyoyaona kamili: wiki 6 bila kukanyaga, magongo mawili, goti likunjwe na kunyooshwa saa kadhaa kila siku. Kukunja kuna sababu. Robert Salter wa Toronto alionyesha kwa sungura kwamba gegedu linalopona likichezeshwa bila uzito hupona vizuri kuliko lililofungwa. Mashine ya kuchezesha hatukuwa nayo, kwa hiyo tulimpa ubao laini uliopakwa poda ya watoto, avae soksi, asukume kisigino mbele na nyuma.

Wiki ya tatu alirudi goti limevimba. Fiziotherapia walimhoji, wakagundua ambacho sikuwahi kuuliza: anaishi kilimani. Mtu wa Mwanza atanielewa. Nyumba iko juu ya majabali, njia ni ngazi za mawe zilizopachikwa katikati ya miamba, na mvua ikinyesha hata mbuzi anafikiri mara mbili. Magongo yalimshinda siku ya kwanza. Alikuwa anashuka kwa kukalia makalio, jiwe kwa jiwe, na mara mbili aliteleza akajishika kwa mguu ule ule. Kushuka ngazi hulibebesha goti karibu mara tatu na nusu ya uzito wa mwili. Choo chake kilikuwa cha kuchuchumaa. Alikuwa anakunja goti mpaka mwisho kila siku, wakati sisi tumeandika "nyuzi 90" kwenye kadi.

Dada yake alikuwa na chumba sehemu ya tambarare, Igoma. Alihamia kwake wiki hiyo. Fundi alikata tundu kwenye kiti cha plastiki, kikawekwa juu ya choo. Swala akaendelea nayo akiwa amekaa kitini, jambo ambalo halikuhitaji simu kwa sheikh.

Matokeo

Miezi 12 baadaye maumivu aliyoyapa 7 kati ya 10 yalikuwa 2. MRI ilionyesha sehemu iliyofunikwa imejaa karibu usawa wa jirani zake, ingawa mpaka kati ya kipya na cha zamani ulionekana kama ufa wa rangi. Kile kipande cha nyuma chenye umbo la mwezi kilikuwa chembamba, hakijajaa. Miaka miwili baadaye anatembea bila kuchechemea, anashuka mteremko kwa tahadhari, na goti humuuma baada ya siku ndefu. Hakurudi kwenye magunia. Anakaa kwenye mizani, anaandika kilo.

Tunavyokisoma kisa hiki

Kishawishi kikubwa ni kusema utando umethibitika: palipofunikwa pamejaa, palipoachwa hapakujaa. Nimeona mwanafunzi akiiandika hivyo na nikamrudishia karatasi. Sehemu ya nyuma ndiyo iliyobanwa kila alipochuchumaa wiki zile tatu, na nilipofunika nilichagua mahali, sikuliachia bahati nasibu. Mgonjwa mmoja mwenye mambo mawili yaliyochanganyika hathibitishi chochote.

Ninachoweza kusimama nacho ni kidogo zaidi. Kiunzi cha aina yoyote, cha nguruwe, ng'ombe, bakteria au kaa, ni laini mno kubeba mtu wiki za mwanzo. Kinategemea mguu upumzike, na mguu wa mtu hupumzika kulingana na nyumba yake. Nilitumia miezi kulinganisha vifaa na sikutumia dakika tano kuuliza kuhusu ngazi. Kukosa picha ndefu mwanzoni lilikuwa kosa la uvivu. Kuagiza utando kwa kipimo cha MRI lilikuwa kosa la ubahili. Sasa naagiza unaozidi, hata kama nusu yake itatupwa. Sindano nne za steroidi zilifanyika kabla hajatufikia na siwezi kupima madhara yake, ila zilimnunulia miezi ya kubeba mizigo juu ya shimo.

Kuhusu chanzo cha kifaa, lililofanya kazi ni sista kusoma kisanduku, na kwamba wodi ile mtu wa chini yangu anaweza kunipigia jioni kuniuliza swali la aibu. Mfumo haukufanya kazi. Fomu yetu ya ridhaa ilikuwa na mstari wa "aina ya kipandikizi" na hakuna aliyewahi kuandika mnyama. Suala si la Waislamu peke yao. Wasabato ni wengi huku kwetu, na mjini kuna familia za Kihindu ambazo kolajeni ya ng'ombe ingekuwa tatizo hilo hilo kwa upande wa pili. Sasa mstari unasema "imetokana na nini", unajazwa siku ya kliniki ya kwanza, na dawa za kuzuia damu kuganda zimo. Chini yake kuna mwingine, ulioandikwa kwa kalamu na fiziotherapia kabla haujachapwa rasmi: "Ngazi ngapi hadi mlangoni? Choo cha aina gani?"

Ule utando wa kwanza ulikaa kabatini miezi kumi na moja. Tulimpata mgonjwa aliyefaa na aliyeridhia, tukafungua kabati, tukakuta muda wake umepita kwa siku tisa.